Picha za mbele ya jicho: slitilampu, Pentacam, OCT na wenzao, ipi utumie lini

Juzi kijana mmoja aliyemaliza optometria kaniuliza swali ambalo naulizwa karibu kila mwezi, kwamba hivi kati ya Pentacam (mashine inayopima umbo na unene wa konea) na OCT ya mbele ya jicho (mashine inayopiga picha ya mkato wa jicho kwa mwanga) ipi kali zaidi, maana pale alipoajiriwa wanataka kununua moja. Nikamuuliza, mnataka kuona nini? Akanyamaza kidogo, akasema konea. Sasa konea, kile kioo cha mbele ya jicho, yenyewe ni ndogo, upana milimita 11 na nusu hadi 12, unene katikati kama 0.54 ya milimita, lakini ndani ya hiyo nusu milimita kuna maswali matano yasiyofanana: umbo lake likoje, unene ukoje, uwazi ukoje, seli za nyuma zimebaki ngapi, na kama kuna mdudu anaitafuna. Na hapo hujagusa pembe ya jicho, pale konea inapokutana na airisi, wala airisi yenyewe, ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni. Hakuna mashine inayojibu yote, kila moja ina swali lake, na ukiipeleka kwenye swali la mwenzake inakupa picha nzuri tu isiyokusaidia kitu. Kwa hiyo nimeona niandike hapa namna mimi ninavyochagua, nimeshafanya hii kazi miaka mingi kanda ya ziwa.

Naongea zaidi na nyie mlioko kliniki, optometria, manesi wa macho, maofisa tabibu, ila hata mgonjwa aliyekabidhiwa karatasi yenye rangi rangi akaambiwa aende nayo anaweza kusoma akajua alipimwa nini.

Slitilampu kwanza, kila mara

Slitilampu, darubini yenye taa ya mwanga mwembamba, ipo tangu 1911, Allvar Gullstrand wa Sweden ndiye aliyeionyesha, mwaka huohuo aliopata Nobel, na mpaka leo hakuna mashine iliyoiondoa mezani. Watu wanaichukulia poa kwa sababu ipo kila kliniki, ila ukweli ni kwamba ndiyo inayokuambia mashine ipi ifuate.

Mkalishe mgonjwa vizuri, kidevu kitulie, paji la uso liguse mkanda, kona ya nje ya jicho iwe sawa na ule mstari kwenye nguzo, ukikosea hapo utahangaika na mpini dakika kumi. Zima taa za chumba. Anza na ukuzaji mdogo, mara 6 au mara 10, mwanga mpana uliotawanywa, uangalie kope, mizizi ya kope, weupe wa jicho, usikimbilie konea. Geuza kope la juu. Narudia, geuza kope la juu kwa pamba ya kijiti, hilo ndilo linalorukwa kuliko chochote na ndani yake kuna makovu ya trakoma, kuna vumbi lililonasa linakwaruza konea kila mtu akipepesa, kuna mzio.

Baada ya hapo bana mwanga uwe mwembamba kama wembe, taa isogezwe pembeni nyuzi 45 hivi. Hapo konea inaonekana imekatwa kama kipande cha embe, unaona kina chake: hili kovu liko juu juu au limefika nyuma, hiki kidonda kimekula robo ya unene au nusu. Kisha fupisha mwanga uwe dirisha la milimita moja kwa moja, uupitishe kati ya konea na lenzi gizani, ongeza ukuzaji, subiri macho yako yazoee. Kama kuna uvimbe ndani utaona vichembe vinaelea, kama vile vumbi linavyoonekana kwenye mwale wa jua unaopita kwenye tundu la msumari kwenye bati. Zihesabu, usiandike tu "seli zipo": 6 hadi 15 ni moja jumlisha, 16 hadi 25 mbili, 26 hadi 50 tatu, zaidi ya 50 nne. Kesho mwenzako akimwona mgonjwa huyohuyo atajua kapanda au kashuka.

Fluoresini, rangi inayong'aa kwenye mwanga wa bluu, ndiyo rafiki yako mkubwa na inakuja kwenye karatasi ya bei ndogo sana. Ilowanishe na tone la maji ya chumvi safi, gusa ndani ya kope la chini, mwambie apepese, washa mwanga wa bluu. Palipochubuka panang'aa kijani. Herpesi inajichora kama tawi la mti lenye vifundo mwishoni, ukiona mara moja husahau. Na kama jicho limetoboka utaona kijito cha kijani king'avu kinashuka kwenye rangi ya chungwa iliyokolea, hayo ni maji ya ndani ya jicho yanavuja, na kuanzia hapo kifaa chochote kinachogusa jicho kiweke mbali, mpe ngao ya plastiki na umpeleke kwa daktari wa upasuaji leo hii, isiwe kesho.

Kuna kitu kimoja nakipenda sana kwenye slitilampu na wengi hawajawahi kukijaribu. Ukiweka taa na darubini kila kimoja upande wake kwa nyuzi sawa, ukatafuta ule mng'ao wa taa kwenye konea, ukapandisha ukuzaji mpaka mara 40, pembeni kidogo ya huo mng'ao utaona kama sega la nyuki dogo sana la rangi ya dhahabu. Hizo ni seli za endothelia, zile zinazofunika nyuma ya konea, za mtu aliye hai, aliyekaa mbele yako anakutazama. Kwa jicho moja tu la darubini ndio zinaonekana vizuri. Mara ya kwanza nilipoziona nilimwita kila mtu aliyekuwa kwenye korido.

Kuhusu kupiga picha, simu inatosha kwa mambo mengi. Weka lenzi ya simu kwenye tundu la darubini, kidole kimoja kishike kingo ili simu isiyumbe, kama una kile kishikio cha plastiki ni bora zaidi. Zima flashi. Bonyeza skrini pale unapotaka paonekane, ushikilie mpaka fokasi na mwanga vijifunge, halafu vuta chini mwangaza kidogo kwa sababu simu hupenda kuunguza picha ikawa nyeupe tupu. Mimi huchukua video ya sekunde 10 halafu natoa fremu nzuri ndani yake, hiyo imeniokoa kwa watoto wasiotulia. Piga angalau nne: mwanga mpana, mwanga mwembamba ukipita katikati ya tatizo, fluoresini, na jicho zima kwa umbali. Picha moja ya karibu sana bila ile ya umbali haimsaidii mtu, hajui hata anaangalia upande gani.

Swali la umbo: duara za Placido

António Plácido da Costa, Mreno wa Porto, miaka ya 1880 alichukua sahani, akachora duara nyeusi na nyeupe, akatoboa katikati akachungulia. Duara zinajiakisi kwenye konea kama kwenye kioo, konea ikiwa mviringo mzuri duara zinakaa sawa, ikiwa imechongoka zinabanana upande mmoja na kuvutika kama yai. Mashine za topografia za leo zimeongeza kompyuta tu, wazo ni lilelile. Na unaweza kujitengenezea, printi duara kwenye karatasi ngumu, toboa katikati, mweke mgonjwa mgongo wake kwenye dirisha wewe ushike karatasi ikipigwa na mwanga, chungulia. Huwezi kupata namba lakini kumtambua wa kupeleka mbele utaweza.

Ila lazima ujue udhaifu wake. Kinachoakisi ni machozi, konea yenyewe iko chini yake, kwa hiyo jicho kavu linakupa duara zilizochanika na kompyuta inazigeuza kuwa ugonjwa ambao haupo. Mwambie apepese mara mbili tatu kisha piga haraka. Halafu inaona uso wa mbele tu, unene haijui, nyuma ya konea haijui.

Nitawaambia kisa kimoja ambacho mpaka leo kinaniuma. Kaletwa mvulana wa miaka 14, kidato cha kwanza, mama yake kabeba bahasha nene. Ndani kuna miwani tatu za mwaka mmoja na karatasi za vipimo kutoka mahali ambapo walimtoza pesa nyingi, skani ya retina yenye rangi nzuri kabisa, retina salama, na wameandika astigimatizimu, abadilishe miwani. Nikiwa bado naongea na mama, mtoto anafikicha macho kwa vifundo vya vidole, anazungusha kwa nguvu mpaka unasikia mlio wa maji. Nikamwambia mwanangu angalia chini. Kope la chini likasukumwa likatokeza kama herufi V. Hiyo haihitaji hata tochi. Nikageuza kope la juu, ndani kumejaa vivimbe bapa vimepangana kama kokoto kwenye barabara ambayo haijamwagiwa lami, mzio wa miaka. Nikashika karatasi yangu ya duara, jicho la kulia duara zote zimeteremka chini zikawa yai. Keratokonasi, yaani konea inayochongoka, na imeshakwenda mbali. Hakuna aliyemdanganya yule mama kwa makusudi, walimpiga picha ya nyuma ya jicho wakati ugonjwa uko mbele, basi. Mwaka mzima ukapotea na konea iliyokwisha kuchongoka hairudi.

Kwa hiyo mtoto yeyote anayefikicha macho na miwani inabadilika badilika, naomba sana, usiandike miwani ya nne kabla hujapima umbo la konea.

Swali la umbo na unene pamoja: Scheimpflug

Hapa ndipo Pentacam inapoingia, na Galilei, na Sirius, zote zinatumia kanuni ya Theodor Scheimpflug, mwanajeshi wa Austria aliyekuwa anashughulika na picha za kupigwa kutoka angani, patenti yake ni ya 1904. Kamera ya kawaida ukiielekeza kwenye kitu kilichoinama, karibu panakuwa safi na mbali panakuwa na ukungu. Yeye alionyesha kwamba ukiinamisha lenzi na filamu kwa namna ambayo mistari yao yote, pamoja na wa kile kitu, inakutana mahali pamoja, basi kitu chote kinakuwa safi kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Sasa weka hiyo kamera izunguke mbele ya jicho huku mwanga mwembamba wa bluu unaikata konea, ndani ya sekunde kama 2 una picha 25 au 50, kompyuta inazijenga kuwa konea nzima, mbele na nyuma, unene kila mahali, kina cha chumba cha mbele (nafasi iliyo kati ya konea na airisi), mpaka ukungu wa lenzi.

Kwa keratokonasi hii ndiyo naiamini zaidi, maana uso wa nyuma mara nyingi huanza kuharibika kabla ya wa mbele na Placido haiuoni kabisa. Ukisoma ramani usianze na rangi. Anza na skeli iliyo pembeni. Nimeona watu wakiogopeshwa na wekundu ambao ulikuwa ni skeli ya hatua ndogo tu, kila robo dayopta (kipimo cha nguvu ya konea kupinda mwanga) inapewa rangi mpya basi hata konea salama inaonekana inaungua moto, na nimeona kinyume chake, ugonjwa umefichwa na skeli pana. Weka skeli ileile kwa wagonjwa wako wote. Kisha angalia kama mashine imekubali ubora wa picha, ikiandika njano au nyekundu kwenye ubora rudia, usiichape. Ndipo uangalie: mkunjo wa kawaida unazunguka dayopta 43 hadi 44, ukipita 47 au 48 anza kuuliza maswali, sehemu nyembamba kuliko zote iko wapi na ni maikroni ngapi (maikroni 1,000 ni milimita moja), na je mwinuko wa mbele, mwinuko wa nyuma na hiyo sehemu nyembamba vinaangukia mahali pamoja? Vikikubaliana vyote vitatu chini kidogo ya katikati, hilo sio bahati mbaya.

Unene una maana nyingine ya haraka. Matibabu ya kroslinki, yale ya kukaza konea kwa vitamini B2 na mwanga wa UV yaliyotoka Dresden, Ujerumani, ripoti ya kwanza kwa wagonjwa ikiwa ya 2003, kwa utaratibu wa kawaida yanataka konea ibaki na maikroni 400 baada ya kuondoa ngozi ya juu. Mtoto akichelewa akashuka chini ya hapo daktari inabidi atafute njia nyingine. Ndio maana nasema pima mapema.

Udhaifu wa Scheimpflug: mwanga wa bluu unatawanyika kwenye kovu. Konea yenye kovu zito au iliyovimba inatoa namba za ajabu, utaambiwa konea ina maikroni 250 wakati ukweli ni mashine imechanganya kovu na uso wa nyuma. Na huo mwanga haupenyi weupe wa jicho, hivyo pembe yenyewe inakuwa imefichika, namba ya pembe inayotoka kwenye hiyo mashine ni makadirio.

OCT ya mbele

OCT ilitoka 1991 kwa ajili ya retina, kundi la MIT pale Marekani, na miaka mitatu baadaye ikapigwa kwenye konea. Inafanya kazi kama ultrasaundi ila inatumia mwanga, inapima mwanga uliorudi umetoka kina gani. Haigusi jicho. Na picha yake ni mkato safi kabisa, kama umepasua jicho ukalitazama ubavuni.

Kuna mbili na mtu asikuuzie moja kwa jina la nyingine. Ile ya retina inayovalishwa lenzi ya ziada inatumia mawimbi ya nanomita 840 hivi, inatofautisha mpaka maikroni kama 5, inakuonyesha matabaka ya konea vizuri mno, lakini eneo dogo na haiendi mbali. Zile za mbele hasa, kama Visante ya zamani na Casia ya Wajapani, zinatumia 1310, mawimbi hayo yanapenya weupe wa jicho na makovu vizuri zaidi, unapata pembe mpaka pembe kwa picha moja. Ukali wa matabaka unapungua kwa Visante, maikroni 18, ila kwa pembe hiyo ndiyo sahihi.

Ninaitumia wapi? Konea yenye kovu ambako Scheimpflug imegoma. Kidonda kinachopona, unapima kila baada ya siku chache unene uliobaki chini yake. Kipande cha chuma cha welda kimezama, unataka kujua kimefika wapi kabla hujakichokonoa. Na nyama ya jicho yenye sura isiyoeleweka. Hili la mwisho kwetu Afrika Mashariki ni zito, kansa ya uso wa jicho tunaiona sana, jua na VVU vinachangia, na inaweza kujifanya nyama ya kawaida kabisa. Kwenye OCT nyama ya kawaida ina ngozi nyembamba juu ya nyama nzito chini, kansa mara nyingi ngozi yenyewe ndiyo iliyonenepa, nyeupe inang'aa, na mpaka kati ya salama na mgonjwa unakatika ghafla kama ukingo wa meza. Kenya Dkt Stephen Gichuhi na wenzake walipima pia rangi ya toluidini bluu, inashika kansa nyingi sana lakini inashika na visivyo kansa, kwa hiyo haijaondoa haja ya kukata kipande kwenda maabara. OCT nayo haijaondoa. Inakusaidia kujua yupi asisubiri foleni.

Kwenye pembe sasa. Kabla ya OCT fanya jaribio la van Herick, la 1969, halina gharama: mwanga mwembamba ukingoni mwa konea kwa nyuzi 60, linganisha ile nafasi nyeusi na unene wa konea. Nafasi ikiwa chini ya robo ya konea, pembe ni nyembamba, usimwekee dawa ya kupanua mboni kabla hajaonwa. Ukimpeleka kwenye OCT zima taa ya chumba, hili watu hawalizingatii kabisa, mwanga ukiwaka mboni inabana, airisi inanyooka, pembe iliyofungika inaonekana iko wazi, unamwambia mama wa watu uko salama kumbe usiku akiwa gizani inajifunga. Kisha tafuta mwiba wa sklera (kijincha cha weupe wa jicho ambacho pembe inapimwa kuanzia hapo) kwenye picha mwenyewe, mashine ikikosea kuuweka basi namba zote za pembe zimekosea.

Lakini OCT haina rangi. Haikuonyeshi mishipa mipya ya damu iliyoota kwenye pembe kwa mgonjwa wa kisukari, haikuonyeshi rangi iliyomwagika. Gonioskopi, ile lenzi ya kugusa yenye vioo, bado lazima uijue. Na nyuma ya airisi mwanga haufiki, rangi ya airisi inauzuia na airisi zetu ni nyeusi nene. Uvimbe ulio nyuma ya airisi unahitaji ultrasaundi ya UBM, ile ya Charles Pavlin wa Toronto, megahezi 35 hadi 50, inayogusa jicho kwa kikombe cha maji. Sio mashine ya mwanga, naitaja tu ili usipoteze siku nzima unarudia OCT ukitafuta kitu ambacho haiwezi kukiona.

Seli, na mdudu

Spekula, iliyoanza na kazi ya David Maurice 1968, inafanya kile nilichowaambia cha sega la nyuki, ila inapiga picha na kuhesabu. Mtu mzima ana kama seli 2,500 hadi 3,000 kwa milimita ya mraba, zinapungua taratibu na umri na hazizaliwi upya, zikifika karibu na 500 konea inaanza kujaa maji. Ipige kabla ya upasuaji wa mtoto wa jicho kwa yeyote aliyeumia jicho zamani, aliyewahi kupasuliwa, au uliyemwona na vidoti vyeusi nyuma ya konea. Usiamini namba bila kuangalia picha, mashine ikihesabu seli 20 tu ikakupa wastani, huo wastani hauna maana. Konea ikishavimba haitaona kitu.

Konfokali ndiyo inayotafuta mdudu. Inapiga picha bapa sambamba na konea, tabaka kwa tabaka, ukali wa kuona seli moja moja. Niliikalia wiki mbili nilipokwenda mafunzo India, na kwa fangasi niliiona faida yake waziwazi: nyuzi nyeupe zinazong'aa zimepishana kama vijiti vilivyomwagwa, wakati maabara bado wanasubiri kuotesha. Akanthamiba, kimelea kingine, nayo inaonekana kama vidonge vya mviringo vyeupe vya maikroni 10 hadi 20. Bakteria ni wadogo mno, haiwaoni, kwa hiyo picha safi haimaanishi hakuna maambukizi. Na eneo lake ni dogo kupita kiasi, maikroni 400 kwa 400, yaani picha moja haifiki hata moja ya mia sita ya konea, lazima utembee kidonda chote na hasa kwenye kingo. Inagusa jicho kwa jeli na kikofia cha kutupa, mgonjwa aliyetoboka haipandi hiyo. Kama huna, na wengi hatuna, kuchokonoa kidonda na kuangalia chini ya darubini ya maabara na KOH (dawa inayofanya nyuzi za fangasi zionekane) bado kunakupa jibu la fangasi siku hiyohiyo.

Mpangilio wa siku

Hili linaharibu vipimo vingi kuliko ubovu wa mashine. Anayevaa lensi za macho azivue mapema, laini wiki moja hadi mbili, ngumu mpaka wiki nne, la sivyo unapima umbo la lensi iliyoacha alama. Siku yenyewe anza na vile visivyogusa na jicho likiwa bado halijawekewa kitu: topografia au Scheimpflug, OCT ya pembe gizani, spekula. Ndipo fluoresini, ndipo ganzi na presha ya macho, gonioskopi, konfokali, na dawa ya kupanua mboni mwisho kabisa. Kwa dharura hilo lote liache, slitilampu na fluoresini kwanza.

Na usichanganye mashine. Unene wa OCT, wa Scheimpflug na wa ultrasaundi unatofautiana maikroni kadhaa na wakati mwingine zaidi, mtu aliyepimwa mwaka jana na moja na mwaka huu na nyingine unaweza kusema konea yake imepungua wakati ni mashine tu zimebadilishana.

Yule kijana nilimjibu hivi: kama mnapokea watoto wengi wenye mzio na mna daktari wa kroslinki au njia ya kumfikia, chukueni Scheimpflug. Kama wenu ni watu wazima wa presha ya macho na vidonda vya wakulima, OCT, na kama tayari mna OCT ya retina ulizeni kwanza lenzi yake ya mbele kabla ya kununua mashine nzima. Ila hela ya kwanza kabisa itoke kwenye lenzi ya gonioskopi, maboksi ya fluoresini na taa mpya ya ile slitilampu yao inayowaka na kuzima.

Mwisho ni kutuma picha kwa daktari bingwa. Omba ruhusa ya mgonjwa, kata sura, jina lisionekane. Usitume picha peke yake na alama ya kuuliza. Mimi huandika hivi: "Mwanaume 46, mkulima, jicho la KULIA, alipigwa na jani la hindi siku 9 zilizopita, aliweka dawa ya kienyeji siku 3. Anaona vidole kwa mita 1. Kidonda milimita 4 kwa 3, katikati, kingo kama manyoya, kina kama theluthi kwa mwanga mwembamba, usaha chini milimita 1, hakivuji kwa fluoresini. KOH imeona nyuzi. Picha 1 mwanga mpana, 2 mwanga mwembamba, 3 fluoresini, 4 jicho zima. Natamaisini ya fangasi ninayo chupa mbili. Nimlaze hapa au nimlete?" Jibu huwa linarudi kabla chai haijapoa.